Kizibo cha Tseikuru

Vizibo vya soda Syombua aliviokota mwenyewe nyuma ya hoteli za Kitui mjini, akaviosha na kuvitoboa kwa msumari. Plaiwudi aliiomba kwa fundi wa majeneza, ambaye mwaka ule wa 1984 hakukosa kazi. Akachora juu yake Ukambani kote kwa rangi iliyobaki ya geti, kutoka Emali, ambako treni ilishusha mahindi ya manjano, hadi Tseikuru, ambako hata barabara inachoka. Kila mahali palipokuwa na redio ya shirika lake la chakula cha msaada akagonga msumari, akatundika kizibo.

Kazi ya ubao ilikuwa rahisi. Asubuhi aliviita vituo kimoja kimoja. Aliyejibu, kizibo chake kilionyesha rangi. Aliyenyamaza, kiligeuzwa upande wa bati, na lori la kwanza la chakula lilikwenda kwenye bati. Mtu hanyamazi bure. Betri imekufa, au mwenyewe amezidiwa. Hilo Syombua alilifikiria sana, maana mtu wa redio kule Tseikuru alikuwa Kisilu, mdogo wake wa tumbo moja.

"Dada, huo ubao wako unaniona?" Kisilu alipenda kumtania hewani.

"Nakuona. Wewe ni Fanta."

"Afadhali ungeninywesha hiyo Fanta! Ova."

Ndiyo ile njaa watu waliyoiita Nikwa Ngwete, nakufa nimeshika: pesa mkononi, duka tupu. Wageni walikuja na kamera zao, na Bwana Mulei, mkubwa wa ofisi, akawa anawasimamisha mbele ya ubao kama mtu anayeonyesha ng'ombe wake. Siku moja mgeni akauliza, hivi vya bati ni nini? Mulei akasema ni vituo vilivyolala. Mgeni akacheka. Mulei hakucheka.

Wageni walipoondoka alimpokonya Syombua kipaza sauti. "Vituo vyote, nisikilizeni. Kuanzia leo, kizibo kikigeuka, mwenye kituo hana kazi. Silipi watu wa kulala mimi."

"Lakini mzee, bati ndiyo inaita lori."

"Bati inaniaibisha, mama. Ubao ni wako, ofisi ni yangu."

Wakubwa wa aina hiyo tuliwajua, na wengine wako mpaka leo. Ukilia wanakuziba mdomo, halafu wanaandika kwamba kilio kimekwisha.

Basi ubao ukachanua, maana hakuna aliyethubutu kunyamaza. Rangi tupu, kama kitenge cha harusi. Sauti ya Kisilu ikawa inafifia siku baada ya siku, mpaka asubuhi moja Syombua akaita Tseikuru na kusikia mvumo tu. Alikuwa ameshainua mkono kuelekea msumarini pale Ndululu, mtu wa redio wa Nuu, alipoingia hewani.

"Tseikuru namsikia mimi, dada. Sauti yake ni ndogo, haifiki huko kwako. Yuko sawa."

Redio zilikuwa na mambo hayo. Aliye mbali hasikiki, jirani anapeleka neno. Na Ndululu na Kisilu walikuwa marafiki tangu shule. Syombua akawaza kazi ya mdogo wake, na watoto wake. Akashusha mkono.

"Asante, Ndululu. Mwambie ale."

"Nitamwambia."

Kesho yake vilevile, na siku zilizofuata. Bila bati ya kuliita, lori lilianza na vituo vya karibu: likaenda Mutomo, likaenda Nuu. Tseikuru halikwenda, kwa sababu Tseikuru ilikuwa Fanta.

Kisha Pasta Kiema akaja kutoka Kyuso na betri ya gari imefungwa kwa leso. Akaiweka mezani polepole.

"Wachunga mbuzi wamempata Kisilu kwenye mto mkavu, mwanangu. Alikuwa anakuja kwetu misheni kuichaji. Njaa tupu tumboni, na mzigo huu kichwani."

Syombua aliishika redio. "Nuu, Nuu. Ndululu, Kisilu ulimsikia mara ya mwisho lini?"

Ndululu akaingia hewani.

"Sikumsikia, dada. Hata siku moja. Nilikuwa namwitikia tu, kama shuleni, mwenzako hayuko unamwambia mwalimu yupo. Nilisema asifutwe kazi."

Ndululu angenyamaza, kizibo kingegeuka, lori lingekuja. Angenyamaza tu.

Mulei alikuja kutoa pole, kofia mkononi. "Tumepoteza mtu, mama. Lakini hicho kizibo usikiguse kwanza. Kesho kuna wageni."

Kesho yake wageni wakajaa mlangoni, Mulei katikati yao. Syombua akabonyeza kipaza sauti.

"Vituo vyote, hapa Kitui. Kisilu wa Tseikuru amekufa akibeba betri, kwa kuogopa kufutwa. Sasa nitawaita. Asijibu mtu."

Akaita Emali. Kimya. Akageuza kizibo. Akaita Mutomo. Kimya. Alipoita Nuu alisikia mtu akivuta kamasi, kisha hewa ikakatika. Akageuza.

"Washa hiyo redio!" Mulei akasema akiuma meno.

"Inawaka, mzee."

Ubao ulikuwa bati tupu, isipokuwa kule juu kabisa. Syombua akaweka kidole kwenye Fanta.

"Tseikuru," akaita. Akangoja. Wageni wakaanza kutazamana, naye akazidi kungoja, sikio kwenye spika, kama mtu ambaye mdogo wake bado anaweza kumwuliza, unaniona?.

"Tseikuru."

Kisha akakigeuza kile kizibo, rangi ikaelekea ukutani.