Nyumbu Duchess na Wengine

Kila Jumanne saa tisa alasiri, akishamaliza kufua mashuka ya hoteli, Eulalia Bustamante aliingia maktaba ya mji wa Cobre Alto, akamwonyesha mkutubi, Bi Verna, viganja vyake pande zote mbili kuwa ni safi, akapewa rundo la magazeti ya zamani. Alikuwa akitafuta neno moja tu: wengine.

Neno lenyewe ni la kawaida, hata mtoto analo. Lakini Eulalia, aliyeishia darasa la sita, alikuwa ameona namna gazeti la mji huu wa shaba lilivyolitumia. Harusini walihudhuria fulani na fulani, na wengine. Mafuriko yaliwakosesha makazi fulani na fulani, na wengine. Hao wengine siku zote walikuwa watu wa kwao, Wameksiko wa ng'ambo ya reli. Na moto wa mgodini, mwaka 1911, uliua msimamizi Hale, mafundi watatu kwa majina yao, nyumbu wa kukokota mikokoteni aitwaye Duchess, umri miaka tisa, mpole na mpenda tufaha, na wengine.

Eulalia aliweka kidole chini ya neno. Mwanamume mmoja akatoka ndani yake, akakung'uta vumbi, akauliza choo kiko wapi.

"Kushoto," Bi Verna alisema. "Na kofia avue."

Hadi saa kumi na moja walikuwa wametimia kumi na saba, wamejipanga kwenye benchi la dirishani, wanapokezana miwani ya maktaba. Wa mwisho alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, sikio moja limejikunja kama la Eulalia.

"Wewe ndiye Crescencio Bustamante," alimwambia. "Mimi mjukuu wako."

"Mjukuu? Mbona umezeeka hivyo, mama?"

"Wewe ndiye uliyechelewa, babu."

Wenzake walicheka mpaka Bi Verna akagonga meza.

Eulalia alikuwa na haraka. Jumamosi jiwe la kumbukumbu ya moto lingezinduliwa, na mchongaji alikuwa bado ameacha nafasi chini. Kamati ilishalikataa jina la babu yake mara mbili kwa kukosa ushahidi. Safari hii alikwenda na babu mwenyewe.

Mwenyekiti, Bwana Stadtler, aliwavutia viti, akawamiminia kahawa.

"Karibu, kijana. Pole na moto."

"Nimeshapoa."

"Sasa, mama Eulalia, mimi sibishi. Huyu hapa namwona, na biskuti zangu kazimaliza. Lakini kanuni inataka jina liwe limetoka gazetini. Gazeti la wakati ule."

"Na Duchess?"

"Duchess yumo. Na umri wake."

"Mpole wapi yule!" alisema Crescencio, akafunua bega lenye alama ya meno. "Tazama!"

Bwana Stadtler alitazama kwa makini, akaandika pembeni ya daftari: kuuma, hakujathibitishwa.

Jumamosi kitambaa kilivutwa. Yalikuwapo majina manne, na Duchess, na tufaha dogo lililochongwa vizuri sana. Chini, kwenye ile nafasi, herufi nadhifu: NA WENGINE. Wale kumi na saba walisimama mstari wa mbele, kofia mkononi. Eulalia alisimama kati yao na gauni lake la kijani. Alilitazama jiwe mpaka watu wakaanza kugawiwa keki.

Jumanne alionyesha viganja, akapewa gazeti jipya, wino haujakauka sawasawa. Walihudhuria Meya, Bwana Stadtler na mkewe, bendi ya shule, na wengine.

Eulalia aliweka kidole.

Akatoka mwanamke wa gauni la kijani, sikio moja limejikunja, makombo ya keki kifuani. Akakung'uta vumbi, akauliza choo kiko wapi.

"Kushoto," Bi Verna alisema bila kuinua macho.

Kwenye benchi la dirishani, Crescencio akawasukuma wenzake kidogo, akamwachia nafasi.