Goti Lisilo na Jengo

Fundi makochi aliamka na goti la kulia limevimba kama boga dogo. Kazi yake yote ni ya kupiga magoti, kupigilia vitambaa chini ya viti vya watu, kwa hiyo mkewe hakumpa nafasi ya kujikaza kiume. Alimkokota mpaka hospitali kuu.

Hospitali hiyo ilikuwa na majengo mawili. Jengo la Juu lilitibu mwili kuanzia utosini hadi gotini, na Jengo la Chini kuanzia gotini hadi vidoleni. Utaratibu huo uliwekwa ili kupunguza msongamano, na kweli kila jengo liliupunguza kwa kuwapeleka watu jengo la pili.

"Goti ni la Chini," alisema karani wa Juu bila kuinua macho. "Ndipo muundi unapoanzia."

"Goti ni la Juu," alisema karani wa Chini, kwa upole kabisa. "Ndipo paja linapoishia. Pole, mzee."

Walirudi Juu, wakarudishwa Chini. Goti likazidi kuvimba njiani, hata suruali ikakataa kukunjika. Mke alikwishagombana na makarani wote wawili, na mfagiaji mmoja aliyekuwa anapita zake tu. Mfagiaji huyo ndiye aliyewaonea huruma.

"Nendeni kwa mtetezi wa wagonjwa," alisema. "Yuko pale chini ya ngazi. Inameni mkiingia. Ukijigonga kichwa, hiyo ni kesi ya Juu."

Mtetezi alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya chini. Kiti kilikuwa kimoja, akampa fundi, yeye akasimama ameinama.

"Mimi si daktari, baba," alisema. "Kazi yangu ni kutembea na mgonjwa mpaka atibiwe. Hebu niambie, unaumwa wapi, na kulianzaje?"

Fundi akafungua mdomo, machozi yakamtangulia. Tangu asubuhi alikuwa akiulizwa ametokea jengo gani. Mkewe akageuka kutazama ukuta ili asimwaibishe. Fundi alipotulia, akaeleza yote, na mtetezi hakumkatiza hata mara moja.

Walianzia Juu. Daktari wa Juu alitoa utepe, akapima goti, akachora mstari wa kalamu katikati ya pia ya goti.

"Nusu ya juu ni yetu, siwezi kukataa," alisema. "Ya chini ndiyo siruhusiwi kuigusa."

"Nashukuru, daktari. Hiyo nusu yenu mtaitibu leo?"

"Leo hii."

Mtetezi akavuka hadi Chini, akarudi na jibu kama hilo kwa nusu ya pili.

Majengo yaliunganishwa na korido yenye mstari mwekundu sakafuni. Hapo ndipo walipoegesha kitanda, kiwiliwili cha fundi kikiwa Juu na nyayo zikiwa Chini. Madaktari wakasimama kila mmoja upande wake.

Daktari wa Juu akabonyeza. Maji ya goti yakakimbilia chini.

"Hayo sasa ni yenu," alisema.

Daktari wa Chini akabonyeza, yakapanda.

"Naona yameamua kurudi nyumbani."

Wakaendelea hivyo kwa adabu kubwa, huku fundi akiuma shuka.

"Samahani, madaktari," alisema mtetezi. "Naomba kuuliza tu. Maumivu yako upande gani?"

Wakamgeukia mgonjwa. Fundi akatoa shuka mdomoni.

"Ninayeumia ni mimi," alisema. "Mimi mzima."

Madaktari wakatazamana. Utaratibu haukusema lolote kuhusu hilo.

"Basi daktari wa Juu azuie maji yasipande," alisema mtetezi, "na daktari wa Chini achome sindano ayavute. Kila mtu abaki kwake."

Daktari wa Juu akaweka kiganja, akakaza. Mwenzake akachoma. Bomba likajaa maji ya manjano, na fundi akashusha pumzi ndefu. Katika kuinama kule, daktari wa Chini alikuwa ameweka mguu mmoja ng'ambo ya mstari. Mtetezi aliuona mguu ule, akanyamaza.

Dawa walizipata nusu dirisha hili, nusu dirisha lile. Mtetezi akamweleza mke ipi ni ya asubuhi na ipi ya jioni, akamwomba arudie kwa maneno yake mwenyewe. Mke akakosea, akaelekezwa tena bila kukemewa.

Goti lilipona. Aliyebadilika ni mke. Siku hizi jirani akiugua, yeye hufunga mlango akaenda naye hospitali. Hagombani tena na mtu. Hukaa ubavuni mwa mgonjwa, akamwacha karani amalize kueleza kwa nini haiwezekani, kisha akauliza taratibu, "Sawa, mwanangu. Sasa nani anaweza?"

Siku hizo mumewe ndiye anayepika, na hajui kupika.