Tanga Lililojaa Ndani ya Karakana

Jumatatu saa mbili na dakika kumi asubuhi, Annaïg Quéméneur alivua viatu mlangoni pa karakana ya matanga, Lorient, bandari ya Bretania huko Ufaransa, akaviweka kwenye rafu, akaona soksi yake ya kushoto imetoboka penye kidole gumba. Hakuna anayekanyaga sakafu ile kwa viatu. Hata meya alipokuja kuizindua aliingia kwa soksi. Annaïg alishuka kwenye shimo lake. Cherehani za pale hukaa shimoni, ili meza ziwe sawa na sakafu na tanga liteleze bila kunyanyuliwa.

Tanga jipya jeusi lilining'inia kwenye boriti. Lilikuwa limekuja Ijumaa iliyopita ndani ya sanduku refu, kutoka kiwanda cha mbali, likiwa limekwisha kuumbwa: nyuzi za kaboni katikati ya tando mbili, zimebanwa kwa gundi na joto. Kazi iliyobaki Lorient ilikuwa kuimarisha pembe, kutia pete na kushona namba.

Saa tatu Tanguy Le Goadec, mkuu wa mauzo, alisimama chini yake na simu sikioni.

"Ndiyo, bwana, linafumwa hapa hapa, uzi kwa uzi, kwa mikono ya Wabretoni," alisema, na tanga likajaa. Lilituna kama shavu la mpiga tarumbeta, likaangusha vikombe viwili vya kahawa.

"Funga dirisha," alisema Annaïg.

"Limefungwa," alijibu Goulven, fundi mwenzake, kutoka shimo la pili.

"Basi ni Tanguy."

"Ni Tanguy," Goulven alikubali, akaendelea kushona.

Annaïg hakuwa mtu wa kuhukumu jambo kabla ya kulipima. Wiki ile alikaa na rula na daftari. Tanguy aliposema tanga limejaribiwa saa mia tatu katika handaki la upepo wa mashine, lilituna sentimita arobaini. Aliposema linaongeza mwendo kwa asilimia nane, hamsini na tano. Goulven aliposema si yeye aliyemaliza keki ya siagi, tatu. Yeye mwenyewe aliposema nje kunanyesha, na kweli kulikuwa kunanyesha, lilining'inia kama taulo. Alhamisi aliandika: "Hujazwa na uongo. Ukweli haulijazi." Akapiga mstari chini yake, akaenda kula.

Kilichomsumbua hakikuwa hicho. Alipoligonga kwa ukucha karibu na ukingo wa chini, alisikia sauti iliyofifia badala ya mlio mkavu. Mahali pa ukubwa wa kiganja, gundi haikuwa imeshika. Likipigwa na upepo wa kweli siku kumi, tando zingeachana kama maganda ya kitunguu. Alipazungushia chaki. Tanguy aliifuta chaki kwa mkono wa sweta, akabandika hapo nembo ya kampuni, shakwe wa rangi ya dhahabu.

"Nembo haikai pale," alisema Annaïg.

"Msimu huu inakaa pale, mama."

Mwenye tanga alikuwa Solenn Morvan, miaka ishirini na sita, aliyejiandaa kuvuka Atlantiki peke yake, kwenye mashindano, katika mashua ya mita sita na nusu. Alikuja Ijumaa, viatu mkononi, kuchukua tanga na kadi. Kila tanga lilitoka pale na kadi ya fundi: "Nimelikagua kwa mikono yangu. Ni zima." Watu wa bandarini walivicheka vijitabu vya matangazo vya Tanguy, lakini kadi ya Annaïg waliiamini. Katika miaka thelathini na mmoja hakuwa ametia sahihi kadi hata moja ya uongo.

"Binti," alisema Annaïg, "hili lina ugonjwa. Chini ya yule shakwe gundi haikushika. Hutafika nalo ng'ambo."

Tanga, ambalo lilikuwa bado limetuna kwa maneno ya Tanguy ya asubuhi, lilinyauka.

"Usimtishe mtoto wa watu," alisema Tanguy. "Solenn, hatujawahi kutoa tanga zuri kama hili." Likafura hadi boriti ikalia.

"Linajaa akisema uongo," alisema Annaïg, na tanga likanyauka tena.

"Najua, mama. Bandari nzima inajua. Lakini si linajaa? Kesho wadhamini wangu wa kiwanda cha dagaa wanakuja na mpiga picha. Wakilikuta limelala kama shuka la hospitali, wananiacha. Na bila kadi yako hawatoi hata kopo."

"Na huko baharini? Utambeba Tanguy?"

"Mungu apishe mbali! Nitasoma kijitabu kwa sauti."

Goulven alicheka peke yake shimoni.

"Nipe wiki tatu nifumue ukingo."

"Tunang'oa nanga Jumapili ijayo, mama."

Tanguy alichuchumaa ukingoni mwa shimo. "Kadi isipotoka, Mama Annaïg," alisema polepole, "mwakani sanduku litakwenda bandari nyingine, na mashimo haya sita tutayajaza zege."

Annaïg alilitazama tanga. Halikutikisika. Alichukua rula akapima kabisa: sifuri.

Akaichukua kadi, akaandika jina lake kwa mwandiko mzuri. Hakuna aliyesema neno. Kabla hajamaliza herufi ya mwisho, tanga lilijaa kuliko lilivyowahi kujaa kwa maneno yote ya Tanguy. Liling'oa bolti moja darini na kuwasukuma Tanguy na Solenn, katika soksi zao, juu ya sakafu iliyopakwa nta hadi ukutani, taratibu, kama makombo yanayofagiliwa.

"Asante, mama," alisema Solenn kutoka ukutani.

Annaïg aliandika: mita mbili na sentimita kumi.

Picha ilitoka vizuri. Katika kijitabu kipya waliandika kwamba ndilo tanga pekee duniani linalojazwa kwa sahihi ya fundi. Tanguy alileta boksi la kadi arobaini na kalamu mpya.

Siku ya kumi na moja ya mashindano, redio ilisema Solenn ameonekana kusini mwa kisiwa cha Madeira, mashua yake ikikokotwa na meli ya uvuvi. Tando za tanga lake zilikuwa zimeachana kabisa, naye alikuwa amekaukiwa na sauti.

"Amesoma mpaka ukurasa wa mwisho," alisema Goulven.

Tanguy aliuliza kama kadi ya tanga linalofuata, lililokwisha kutundikwa kwenye boriti, iko tayari. Annaïg alifungua kalamu, na mafundi wengine watano, bila kuambiwa, walishika kingo za mashimo yao.