Barua ya Ploti ya Mzee Nchagwa

Mzee Nchagwa wa Migori ukimsalimia kwa mkono, huhesabu vidole vyake baadaye. Basi mwaka wa tisini na sita, alipotokea kijana mwenye tai na baiskeli akisema kanjo, yaani baraza la mji, inawapunguzia maskini kodi ya ploti kwa nusu, mzee alishika fremu ya mlango kana kwamba nyumba nzima ingechopolewa.

Kodi hiyo alikuwa hajailipa kwa miaka minne. Asipolipa, nyumba yake ya vyumba vitatu ingepigwa mnada, na yeye na mpangaji wake Pauline wangelala na mbuzi wa watu.

"Nipe barua ya ploti, mzee. Nitairudisha Ijumaa," alisema kijana, aliyejiita Cephas.

"Tangu lini fisi akamhurumia mbuzi?"

"Huniamini? Basi baki na baiskeli yangu!"

Hapo ndipo shaka ya Nchagwa ilipoota mapembe. Mtu anayeacha baiskeli upesi hivyo, alijiambia, hakuinunua yeye.

"Baiskeli ni ya kupanda," akasema. "Kaa nyuma. Twende ofisini pamoja."

Akaifunga barua, hati yake pekee ya kumiliki kiwanja, kiunoni kwa kamba ya katani, akakanyaga pedali. Cephas alikuwa mzito kama magunia mawili ya mihogo. Walipokaribia daraja, baiskeli ikawa nyepesi ghafla, ikaruka, na mzee huapa hadi leo kwamba magurudumu hayakugusa ardhi mpaka mlangoni pa kanjo. Alipogeuka, nyuma palikuwa na hewa tupu.

Ofisini, karani Metrine aliitazama barua, akamrudishia papo hapo. Msamaha wa nusu ya kodi ulikuwa wa kweli, haukuwa na ada, na nusu iliyobaki angelipa kidogo kidogo; akapewa karatasi yenye muhuri. Baiskeli ikapelekwa polisi.

Jioni alimpungia Pauline karatasi hiyo. "Nyumba imepona!"

Pauline alikuwa akichambua omena, dagaa wa ziwani, uani. Hakuinuka. "Imesema nini kuhusu mpangaji?"

"Mpangaji? Hata hajatajwa."

"Mbona umeikunja huku chini, mzee?"

"Ni upepo."

"Upepo gani unakunja karatasi na kuipiga pasi? Lete."

Pauline akaikunjua mwenyewe, akasoma kwa sauti ya kusikika kwa jirani: mwenye nyumba akipunguziwa, naye ampunguzie mpangaji.

"Haya, mzee wangu," akasema Pauline, akifuta magamba mikononi. "Kalamu hii hapa. Andika kodi yangu mpya mbele yangu, kuanzia mwezi huu. Na usiandike kwa penseli."