Fundo kwenye Waya Mwekundu

Bodi ya tatu iliungua mbele ya macho yangu, na kaka yangu hakusubiri hata moshi uishe kabla ya kunitupia lawama.

"Mikanda yako hiyo ya taa," alisema. "Nimekwambia una mkono mzito. Umeacha shoti mahali."

Mkono mzito! Mimi! Watu wananiita Pilipili kwa sababu ya mdomo, si kwa sababu ya kazi. Kazi yangu hata adui yangu anaisifia.

Madamu, mwenye ukumbi, alikuwa amesimama pale mlangoni, ameziba pua kwa mtandio. Ukuta wote wa nyuma ya jukwaa lake tulikuwa tumeujaza taa za pikseli, zile taa ndogondogo ambazo kila moja unaipa rangi yake, na bodi ndiyo inayotoa amri. Bodi ikifa, ukuta wote unakufa nayo.

"Mafundi, nimevumilia vya kutosha," alisema. "Nikiona kosa moja tena, mmoja wenu hatakanyaga hapa. Nani anaharibu, mtajuana wenyewe."

Akaondoka. Kaka akavuta kiti akakaa, uso mkavu, kama msiba ule ni wa jirani. Karakana aliyotuachia baba ilishafungwa, na kazi ya ukumbi ule ndiyo iliyokuwa inatulisha: yeye, wifi yangu, watoto, na mimi niliyekuwa nimejibanza kwenye chumba chao cha uani. Nilijua kabisa nani angetolewa. Kaka alishamnong'oneza Madamu kwamba mkosaji ni mimi.

Nilichukua ile bodi nikaenda nayo dirishani. Nina hasira, sikatai, lakini hasira zangu hazigusi kazi. Mkanda wa taa ukiwa na shoti, fyuzi ya mkanda huo hukatika kwanza. Ndiyo kazi yake, kufa kwa niaba ya bodi. Nikazipima fyuzi kwa mita, moja moja. Zote nzima. Kilichoungua kilikuwa pale mdomoni, umeme unapoingilia kutoka kwenye pawa saplai, kile kisanduku kinachoilisha bodi. Nikazitoa zile bodi mbili za mwanzo kwenye boksi la mabovu. Nazo zilikuwa zimeungua mahali palepale.

Mkanda haufanyi hivyo. Hivyo hufanya mtu, akigeuza nyaya, mwekundu akaupeleka kwa mweusi na mweusi kwa mwekundu.

Na nyaya hizo anaunga nani? Si mimi. Kwetu, tangu enzi za baba, mdogo anafunga taa na kupanga rangi, lakini umeme wa mwisho unaungwa na mkubwa. Ni heshima yake, hata kama mdogo anajua.

Kumbe! Nikainuka niende nikamvae hapohapo. Ni lile boksi lililonizuia. Chini yake kulikuwa na pawa saplai za zamani, zile tulizozitoa Madamu aliponunua mpya. Kila waya mwekundu ulikuwa na fundo dogo la uzi karibu na ncha. Mafundo hayo nilikuwa nayaona siku zote nikidhani ni mbwembwe za kaka. Nikaenda kutazama zile mpya. Hazikuwa na uzi wowote wa kupapasa. Na bodi zilianza kuungua zilipokuja hizo mpya.

Nilielewa polepole, na sikupenda nilichokielewa. Nikakumbuka jinsi alivyoacha baiskeli akisingizia magoti. Jinsi alivyokuwa akinipa nimsomee namba za vifaa, "wewe una macho ya ujana." Jinsi alivyomgombeza wifi kwamba taa ya sebuleni haina nguvu, wakati sote tunaona vizuri tu. Mficha maradhi, kifo humuumbua, ndivyo wanavyosema. Kaka yangu zilimuumbua bodi.

Mtadhani nilimhurumia. Wapi! Nilizidi kuwaka. Muda wote huo ananiita mkono mzito mbele za watu, na anajua! Nikasema moyoni, leo utanitambua.

Nikafunga bodi mpya, ya mwisho tuliyokuwa nayo. Nikachomoa nyuzi kwenye pindo la gauni langu nikazipiga mafundo kwenye nyaya nyekundu, asije akaiunguza na hiyo. Kisha nikafungua kompyuta. Majaribio yetu huanza na nyekundu, kijani ikafuata, halafu bluu. Ndivyo alivyotufundisha baba na hatujawahi kubadilisha. Nikaitanguliza bluu. Tulikuwa wawili tu ukumbini. Nilitaka akosee mbele yangu, anione nimeona, basi.

"Kaka, njoo uunge."

Akaja. Hakuziangalia zile nyaya. Kidole gumba kiliteleza juu ya waya wa kwanza, kikafika kwenye fundo, kikasimama. Mimi nilitazama pembeni. Akakaza skrubu zote.

"Washa," alisema.

Nilibonyeza, na papo hapo nikasikia viatu vya Madamu vikiingia. Hilo sikulipanga. Kaka naye alivisikia. Akajinyoosha, akainua mkono kuelekea ukutani kama afanyavyo kila siku.

"Nyekundu hiyo, Madamu! Safi kabisa!"

Ukuta mzima ulikuwa bluu. Hata sakafu na meno ya kaka yangu yalikuwa bluu.

Madamu alitazama ukuta, akamtazama kaka. "Fundi," alisema taratibu, "hiyo ni nyekundu?"

Mkono wa kaka ulibaki juu. Jamani, ule mkono! Ulikuwa unaionyesha nyekundu isiyokuwapo, na hasira zangu zote zikanywea. Nilimwona alivyozeeka.

"Ni mimi, Madamu," nikasema. "Aliniagiza nyekundu, nikapanga bluu. Yeye macho yalikuwa kwenye bodi, isije ikatoa moshi. Na zile tatu pia ni mimi. Mkono wangu mzito."

"Kwa hiyo kaka yako alisema kweli."

"Alisema kweli."

"Basi kusanya vyako, binti. Yeye atabaki."

Nilikusanya mita, pasi ya kulehemu, na koleo la baba. Lile koleo nikalirudisha mezani, nikamwekea karibu na mkono ili asilitafute. Madamu akatoka akiongea na simu.

"Nimekufungia nyuzi kwenye pawa saplai zote, hata zile za akiba," nilimwambia kaka kwa sauti ya chini. "Waya mpya ukiingia, mwite wifi akufungie. Usimwite mtu mwingine."

Akaitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliponiita kwa jina langu la utotoni, ambalo alikuwa hajalitumia tangu tumzike baba.

"Ilikuwa rangi gani?"

"Bluu, kaka."

Akageuka kuutazama ule ukuta. Programu ilikuwa imeshaendelea, na wakati huo taa zote zilikuwa nyekundu.

"Bluu," alisema. "Inapendeza."

Nikamwambia ndiyo, inapendeza sana.