Nyekundu ni Kusimama

Bastola mbili zililazwa juu ya taulo la kijani, kitako kwa kitako, na Marcelline akaketishwa mbele yazo kama mama mkwe aliyeletewa wachumba wawili achague mmoja. Shughuli iliendeshwa kwa heshima zote. Mumewe, Octave, alikuwa amevaa suruali ya kanisani. Rafiki yao Mwaniki, Mkenya wa benki ambaye hata akikuomba chumvi hujieleza kama anafunga hesabu za mwaka, alikuwa amekunja mikono ya shati. Ukumbi wa shabaha ulikuwa chini ya ghala kuukuu karibu na mtaa wa Turffontein. Haukuwa na dirisha hata moja, na Marcelline, aliyeingia humo kwa hiari yake, alishaanza kuutafuta mlango kwa macho.

Alialikwa kwa sababu. Siku yoyote afisa wa leseni angempigia simu amuulize: mama, unakubali silaha ilale nyumbani kwako? Jibu la mke lina uzito. Tangu ule mwezi wa Septemba maduka ya wageni kama wao yalipochomwa moto, Octave hakuwa na mazungumzo mengine. Alijiunga na klabu, akafaulu mtihani, akafunga kabati la chuma kwa boliti ukutani mwa chumba chao pale Bellevue. Nusu ya chumba hicho ilikuwa kitanda. Nusu ya pili, nyuma ya pazia, ilikuwa ya binti yao Arlène, aliyekuwa katika umri wa kufungua kila kinachofunguka. Kabati lilikaa wazi na tupu, likimsubiri mpangaji wake. Marcelline, ambaye ni msusi, alijaribu kuwahi nafasi hiyo kwa kuweka humo nywele zake za kusukia. Kila asubuhi Octave alizitoa, akazikunja vizuri, akazilaza kitandani.

"Shemeji," Mwaniki alianza, "hizi mbili ni ndugu. Zote zinatumia risasi ndogo, zile ambazo kiwashio chake kiko kwenye ukingo wa kitako. Zote ni za kizamani. Kabla ya kila risasi lazima uvute nyundo hii kwa kidole gumba, ndipo ubonyeze kifyatuo. Hazina haraka."

"Kumbe zina adabu," Marcelline akasema.

"Adabu ndiyo tofauti yenyewe. Hii ya bei ya juu ni yangu. Chuma kitupu, sikiliza." Akavuta nyundo taratibu, ikalia kama kufuli jipya. "Hii nyingine ni ya klabu, ya bei ya chini. Fremu yake ni metali laini. Sikiliza tena." Ya pili ililia kama droo ya vijiko. "Inafanya kazi, siikosei heshima. Lakini kifyatuo chake kinakwaruza, na shabaha yake inahamahama."

Octave aliichukua ile ya bei ya chini, akaipima mkononi kama mtu anayenunua nyama. "Hii iko na kitufe cha usalama pembeni. Yako iko nacho wapi?"

"Yangu haina kitufe. Usalama uko ndani. Kuna kipande kidogo cha chuma ambacho hupanda kati ya nyundo na pini pale tu unapobonyeza kifyatuo. Usipobonyeza, nyundo haina cha kugonga. Hata ikianguka chini, haifyatuki."

"Uko ndani," Octave akarudia. "Weye uliuona?"

"Niliusoma."

"Hata mchawi anasema roho yake ni muzuri, iko ndani." Octave akacheka, akamgeukia mkewe. "Mama Arlène, mimi ni mtu wa geti. Usalama wangu naupenda hapa, mbele ya macho."

Hilo lilikuwa kweli, na lieleweke vizuri, kwa sababu kila kitu kilitoka hapo. Octave alikuwa mlinzi wa geti katika jengo la ofisi Sandton. Kutwa nzima alikaa mbele ya kibao chenye taa mbili. Taa nyekundu ikiwaka, geti limefungwa, hakuna anayepita, awe mkurugenzi au mleta pizza. Akitoka kazini alikutana na robot, zile taa za kuongozea magari, nazo zilisema hivyohivyo. Alikuwa mtu aliyetii rangi, na rangi hazikuwa zimemwangusha hata mara moja.

Walivaa vizuia kelele masikioni, dunia ikawa kama iko chini ya maji. Octave alipiga kwanza kwa bastola ya Mwaniki, na matundu yakakusanyika kwenye karatasi kama nzi juu ya embe. Akapiga kwa ile ya klabu, aliyokabidhiwa na Mwaniki ikiwa tayari, yakatawanyika kama mbuzi waliofunguliwa kamba. Hakujali. Mwaniki alitikisa kichwa kwa huzuni ya kibenki, akarudisha kitufe cha ile ya klabu, akailaza juu ya taulo, akaenda upande wa pili kumuuliza Jacques, mzee Mzungu wa Kiafrikana aliyesimamia ukumbi, kama kuna karatasi nyingine za shabaha.

Octave akajaza risasi tena. Kisha akasukuma kile kitufe cha pembeni mpaka nukta ndogo nyekundu ikajitokeza chini yake, akatabasamu, na akageuka na bastola mkononi kumtazama mkewe.

Marcelline aliona tundu la mtutu. Lilikuwa dogo, dogo kuliko shimo la herini, na lilimtazama tumboni.

"Angalia," Octave alisema kwa sauti kubwa, ili ipenye vile vizuia kelele. "Nyekundu. Imefunga. Hata nivute nyundo hivi," na akaivuta, droo ya vijiko ikalia, "hata nikibonyeza, haiwezi."

"Geuza mdomo wake kule."

"Imefunga, mama Arlène. Ndiyo nakuonyesha."

"Nimeona. Geuza."

"Basi unaogopa geti lililofungwa?"

Msusi hashindani na kichwa cha mteja. Hukishika kwa vidole viwili na kukielekeza anakotaka. Marcelline hakunyanyuka, hakupaza sauti. Aliinua mkono, akaushika mkono wa mumewe kwenye kifundo kwa upole, akausogeza kuelekea ukuta wa mifuko ya mchanga, kama anavyosogeza kichwa cha mtoto aliyesinzia kitini.

"Nionyeshe huko," akasema.

Octave, ili kumfurahisha mke, akabonyeza.

Mlio ulikuwa mdogo. Risasi ndogo haina makeke, hata hivyo mchanga ulianza kumiminika kutoka kwenye mfuko, taratibu, na ukaendelea kumiminika. Octave aliitazama nukta nyekundu. Ilikuwa palepale, na haikuwa imedanganya. Ni kwamba haikusema alichosikia yeye.

Jacques alifika bila kukimbia. Alichukua bastola, akaifungua, akatoa risasi zote moja moja, ndipo akazungumza, kwa Kiingereza cha pole cha mtu aliyewahi kuona mabaya zaidi. Nyekundu, alisema, maana yake iko tayari kuua. Ikifunikwa ndiyo salama. Kila mtu anajua hilo.

"Kila mtu," Mwaniki akaitikia. "Octave, ndugu yangu, si ungeniuliza."

"Nani anauliza nyekundu ni nini?" Octave akajibu polepole. Jacques akazitia risasi mfukoni.

Walirudi Bellevue kwa gari la Mwaniki, Octave akiendesha kwa sababu mwenye gari alishindwa kuingiza ufunguo mahali pake. Mikono ya Octave ilitulia, na hilo ndilo lililomtia Marcelline baridi. Walipofika kwenye robot ya kwanza ilikuwa nyekundu. Octave akasimama vizuri kabisa, nyuma ya mstari.

"Nimefikiri," akasema. "Mwaniki, ulikuwa na haki. Ile ya klabu ni takataka, inachanganya watu. Nitachukua kama yako."

"Hilo ni jambo la busara," Mwaniki akasema, akapumua.

"Yako haina nyekundu hata kidogo. Nimeiangalia pande zote. Kama haina nyekundu, basi siku zote imefunga. Hiyo ndiyo salama."

Mwaniki alianza kueleza upya habari za kile kipande cha ndani. Octave aliitikia kila sentensi kwa adabu, kama mlinzi anavyomwitikia mgeni ambaye hatamfungulia. Marcelline, kiti cha nyuma, hakuwa anasikiliza tena. Alikuwa ameziona bastola mbili na akajua kwamba zote mbili ni nzuri, kila moja ilifanya ilivyoambiwa. Tatizo lilikuwa limeshika usukani.

"Na afisa akikataa," Octave aliongeza huku taa ikigeuka kijani, "kuna jamaa mmoja kazini anauza. Yeye haulizi wake za watu." Akacheka peke yake.

Simu ilikuja Jumatano, Marcelline akiwa saluni katikati ya kichwa cha mteja. Afisa alikuwa mwanamke, sauti yake ya kuchoka. Aliuliza alichouliza.

"Hapana," Marcelline akasema. "Sikubali. Andika hivyo."

Alimweleza Octave mwenyewe jioni ile, kabla chakula hakijaiva, ili asilisikie kwa mwingine. Alitegemea kelele. Octave akasema, "Sawa, mama Arlène," akaenda kumsaidia binti yao hesabu za shule. Hakulitaja tena. Asubuhi iliyofuata Marcelline alirudisha nywele zake ndani ya kabati la chuma, na safari hii zilibaki humo. Zilibaki kesho yake pia, na wiki ikapita, na Marcelline akaanza kuimba saluni.

Kisha, Jumamosi moja mchana, alirudi mapema. Octave alikuwa zamu. Arlène alikuwa amekaa sakafuni, nyuma ya pazia, akimsuka mwanasesere. Kitandani zililala nywele za kusukia, nyeusi na kahawia, zimekunjwa vizuri.

Kabati lilikuwa limefungwa. Ufunguo haukuwepo kwenye msumari wake ukutani.

Marcelline aliweka kiganja kwenye mlango wa chuma. Ulikuwa baridi.

"Mama," Arlène akasema bila kuinua kichwa, "papa anasema nisiogope. Ameiangalia. Haina nyekundu."