Posa ya Adegoroye na Kitenzi cha Kula

Rafiki yangu Adegoroye anafundisha lugha chuo kikuu, Ibadan, na hajui kufunga mdomo. Baba wa mchumba wake Ibironke, Mzee Lanihun, alimwonya mapema: siku ya posa akitoa mhadhara hata mmoja nyumbani kwake, atarudi kwao bila mke. Adegoroye akaapa kuwa bubu.

Siku ikafika. Bwana harusi na sisi marafiki zake tukalala kifudifudi mbele ya wakwe, vifua sakafuni, na huinuki mpaka wakwe waseme inuka. Siku hizi wako wanaogusa sakafu kwa vidole tu, wanaogopa kuchafua nguo. Kwa Mzee Lanihun nani angethubutu?

Mama Asake, mshereheshaji aliyekodiwa na upande wa bibi harusi kuja kututania, akamuuliza Adegoroye anakula nini mjini mpaka amenenepa vile. Yule mama alichokoza nyuki.

"Kula kupi, mama?" akauliza Adegoroye, pua sakafuni. "Kwa lugha yetu sisi Wayoruba tunakula cheo, tunakula mateso, tunaila na dunia yenyewe. Waakan kule Ghana wanakula ufalme."

"Nyamaza, mjinga wewe," nikamnong'oneza.

Hakunisikia. Alikuwa ameshavuka mpaka hadi kwa Waewe, ambao kwa maelezo yake hata ngoma wanaila wakiicheza. Mzee Lanihun akashika fimbo, akajisogeza ukingoni mwa kiti. Nilijua akisimama tu, posa imekwisha. Nilimwonea huruma huyu mpumbavu, maana Ibironke alimpenda kweli.

Ibironke akamwahi baba yake. Alitoka chumbani bila kuitwa, bila kucheza kama ilivyo desturi, shela ameitupa nyuma. Kofia ya bwana harusi huvikwa mwishoni kabisa, na bibi harusi akishaivika, hakuna mkwe wa kuivua. Akaichukua mezani, akapiga magoti, akamvika mtu wake palepale sakafuni, katikati ya sentensi.

"Baba, huyu ni wangu sasa," akasema. "Mihadhara nitaisikiliza mimi, maisha yangu yote."

Mzee akaweka fimbo chini, akamgeukia binti yake.

"Pole sana, mwanangu," akasema, kisha akaagiza wali uletwe.

Adegoroye akainuliwa kwa vigelegele. Sisi marafiki hakuna aliyetukumbuka, tukabaki tumelala pale tunanusa kuku wa watu.